Maneno Ni Yale Yale, Mtu Ni Mwingine



Wapenzi wa michezo ya kuigiza wana kauli mbili ambazo huzitoa wakisikia kwamba tamthiliya ya zamani imerudi jukwaani na waigizaji wapya. Ya kwanza ni hii: "Hiyo nimeshaiona." Ya pili, wakishavutwa mkono wakaenda, ni hii: "Hawa hawawafikii wale wa zamani." Kauli hizi husemwa na mtu yule yule, pengine siku hiyo hiyo, wala hasikii kwamba zinapingana. Kama mchezo ukishauona umeuona, basi waigizaji hawana uzito wowote. Na kama waigizaji wa zamani ndio waliokuwa mchezo wenyewe, basi mwandishi aliandika bure. Ukweli uko mahali fulani katikati, na wiki hii nataka tuutafute.

Sababu ya kulileta jambo hili ni kwamba mwezi uliopita nilikwenda kutazama tamthiliya ninayoipenda kuliko zote, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ikichezwa na kundi la vijana hapa jijini. Jina la kundi sitalitaja, kwa sababu kipindi hiki hakitangazi biashara ya mtu. Niliwahi kuiona mara tatu kwa kundi jingine, la watu wazima, kuanzia mwaka 1996 nilipokuwa kidato cha tatu. Lile lilikuwa kundi la walimu, makarani na fundi cherehani mmoja, waliofanya mazoezi jioni baada ya kazi. Kwa miaka mingi, nikisikia jina la Kinjeketile, sura iliyonijia haikuwa ya mtu wa historia wala ya mtu wa kitabuni. Ilikuwa sura ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwenye kifua kipana na sauti nzito, aliyekuwa akijifunga shuka nyeusi.

Sasa nimemwona Kinjeketile mwingine. Ni kijana mwembamba, umri wake sidhani kama unapita miaka 25, na sauti yake ni ya kawaida tu. Nitaeleza alichokifanya, lakini kwanza tukumbushane mchezo wenyewe unahusu nini.

Ebrahim Hussein ni mzaliwa wa pwani ya kusini ya Tanganyika, mwaka 1943. Tamthiliya hii ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, na mwaka uliofuata mwandishi mwenyewe akaitoa kwa Kiingereza. Tangu hapo imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki, na wengi wetu tuliijua kwanza kama kitabu cha mtihani kabla ya kuijua kama mchezo. Mada yake ni Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, ambako wananchi waliochoshwa na kulimishwa pamba kwa nguvu waling'oa miche ya pamba hiyo. Kabla ya hapo, huko Ngarambe karibu na Rufiji, Kinjeketile Ngwale alikuwa amewakusanya watu wa makabila mbalimbali na kuwapa maji ya dawa, yaliyosemwa kwamba yangeifanya risasi ya Mjerumani isidhuru. Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Mapigano yaliendelea hadi mwaka 1907. Serikali ya Kijerumani ilikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio hadi 250,000 na hata 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa, kwa sababu majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula.

Hiyo ni historia. Hussein hakuandika historia. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikra zake, ingawa matendo yake yanafanana na ya yule aliyeishi. Na kiumbe huyo alimpa jambo moja zito la kubeba, nalo ni shaka. Katika tamthiliya, Kinjeketile anaingia mtoni akiwa ameshikwa na pepo Hongo, anatoka na maji na neno la umoja, watu wanamwamini. Halafu yeye mwenyewe anaanza kujiuliza kama neno alilolitoa ni lake, na kama ni la kweli. Wakati huo watu wameshalichukua, limekuwa kubwa kuliko yeye, wala halirudishiki tena. Vita vinaanza bila amri yake. Mwisho yuko kifungoni, anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Je, ndugu msomaji, huyu ni mtu gani? Ni tapeli? Ni mtu aliyedanganyika? Ni kiongozi mwenye busara aliyejua kwamba watu waliogawanyika wanahitaji kitu cha kuwaunganisha? Kisome kitabu mara kumi, hukuti mahali mwandishi anapokupa jibu. Amekuachia. Na wa kwanza kuachiwa si wewe mtazamaji. Ni mwigizaji. Yeye hawezi kupanda jukwaani bila kuchagua, kwa sababu mdomo wake lazima utoe sauti, na sauti haiwezi kuwa ya watu watatu kwa mara moja.

Hapo ndipo kilipo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Kitabu cha tamthiliya kinampa mwigizaji maneno, mpangilio wa matukio, na maelekezo machache kuhusu nani anaingia na nani anatoka. Hakimpi urefu wa kimya. Hakimwambii amtazame nani anaposema neno fulani. Hakimwambii kama mkono utetemeke. Sisi wa redio tunalijua jambo hili vizuri kwa sababu ndilo linalotupa ugali. Wape watangazaji wawili taarifa moja ya habari, maneno yale yale, nukta zile zile. Mmoja ataisoma ukaona ni ajali, mwingine ataisoma ukaona ni uzembe. Hakuna aliyeongeza neno.

Sasa turudi ukumbini, tuwalinganishe hawa wawili.

Tuanze mtoni. Wazee wa Rufiji waliosimulia habari za vita hivyo kwa wanahistoria walisema kwamba Kinjeketile alitoweka majini, ndugu zake wakalala ukingoni wakimngoja, na kesho yake akaibuka mzima, nguo zake zikiwa kavu. Kwa mwigizaji, sehemu hii ni mtego. Jukwaani hakuna mto. Kuna mbao, kuna kitambaa, kuna ngoma. Mwalimu wangu wa mwaka 1996 alitoka kwa kishindo. Ngoma zilipanda, akatokea ameinua mikono yote miwili, na ukumbi mzima ukapiga vigelegele hata kabla hajasema neno. Ulikuwa umemwamini pamoja na wanakijiji.

Huyu kijana alitoka polepole, mgongo akiwa ametuelekezea sisi watazamaji. Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Alirudi kinyumenyume kama mtu anayeogopa kuukata mtazamo wake na kitu kilichoko majini. Alipogeuka, akajipapasa mikono, kisha kifua, kisha kichwa. Anajiuliza mbona hajalowa. Hakupewa neno hata moja kitabuni la kusema hayo, na hakusema. Lakini tangu dakika ile nilijua kwamba Kinjeketile huyu ni mtu aliyeshangazwa na yaliyompata kama sisi tulivyoshangaa. Shaka haikumjia baadaye. Alitoka nayo mtoni.

Unaona sasa tofauti? Kwa mwalimu, shaka ilikuja katikati ya mchezo kama ugonjwa unaomwingia mtu mwenye afya. Kwa kijana, imani na shaka zilizaliwa siku moja, mapacha. Mchezo ni ule ule, lakini umebeba swali jingine.

Njoo kwenye jambo la pili, pale Seyyid Said anapotajwa. Kinjeketile akiwa bado ana pepo anawaambia watu kwamba Mjerumani akishaondoka watakuwa watoto wa Seyyid Said. Seyyid Said ni yule sultani wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, na alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita. Baadaye pepo amekwisha kumtoka, Kitunda anamwuliza maneno yale yana maana gani. Hapo ndipo Kinjeketile anaposhtuka. Tumfukuze bwana mmoja ili tumpate mwingine?

Kundi la zamani lilipita hapo kwa kelele. Kinjeketile wa mwalimu alimkemea Hongo kama mtu anayemkemea mwizi. Tulipenda sana. Kijana yeye aliuliza swali la Kitunda upya kwa sauti ndogo, akalirudia mdomoni kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. Kisha akanyamaza. Nimezoea kupima kimya kwa saa, maana kwetu studioni sekunde tano za kimya ni kosa la kuitiwa ofisini. Kile kilikuwa kimya cha sekunde kumi na zaidi, na hakuna aliyekohoa. Mama mmoja nyuma yangu alisema taratibu, "Maskini, ameshajua." Alisema kama anayemwonea huruma jirani yake.

Jambo la tatu linahusu watu ambao wapenzi wengi wa tamthiliya huwasahau, yaani wahusika wanaomzunguka mkubwa. Tukisema "waigizaji wapya" tunamfikiria Kinjeketile peke yake, kama vile timu ni mshambuliaji. Lakini waigizaji ni mizani. Ukibadilisha jiwe upande mmoja, upande wa pili nao unasogea. Kitunda wa kundi la zamani alikuwa kijana, yeye ndiye aliyekuwa mwenye wasiwasi, na Kinjeketile mzee alimtuliza kama baba. Safari hii Kitunda amechezwa na mtu mzima, pengine mwenye umri mkubwa kuliko wote kundini. Kwa hiyo kila Kitunda anapouliza swali, tunaona mtu mzima anayemwuliza kijana: una hakika na unachotuambia? Na bintiye Kitunda anapochukuliwa, baba akiwa hana la kufanya, uzito wake ni mwingine kabisa. Yule wa zamani alikasirika. Huyu aliketi chini. Alikuwa mtu aliyeshazoea kunyang'anywa, na watu wa namna hiyo ndio hasa waliohitaji maji.

Na wanawake je? Mchezo unaanza na wanawake wawili, Bi Kitunda na Bi Bobali, wakizungumza habari za njaa na shida ya chakula. Katika kundi la zamani sehemu hii ilikuwa ya kupisha watu watafute viti. Waigizaji wale walisema maneno yao haraka haraka, wakijua wenye mchezo wako nyuma ya pazia. Wadada wawili wa kundi hili hawakukubali kuwa wapasha habari. Walizungumza kama wanawake wanaozungumza gengeni bei ikiwa imepanda, mmoja akimficha mwenzake kidogo alichonacho, na mwenzake akijua kwamba anafichwa. Watu walicheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini Hussein alianza na njaa ya nyumbani na akamchelewesha Mjerumani. Vita vile havikuanzia kwenye dawa. Vilianzia jikoni.

Nisije nikaonekana nimelipwa na vijana hawa, niseme pia yaliyopungua. Sehemu ya vita haikufika. Watu wanane wakikimbia huku na huko na mikuki ya mbao hawawezi kuwa jeshi, na kundi la zamani lililijua hilo, ndiyo maana lilicheza vita gizani, kwa sauti tu za ngoma, za milio na za wanawake. Sikio liliona zaidi ya jicho. Pili, baadhi ya vijana hawa wamejifunza uigizaji kwa kutazama filamu. Uso unafanya kazi nyingi, lakini mtu aliyekaa mstari wa nyuma hauoni uso huo. Na maneno ya mwisho ya sentensi yalimezwa mara nyingi. Kiswahili cha Hussein ni cha mizani na mdundo, ukimeza neno la mwisho umekata mguu wa meza. Mwalimu wangu hakumeza hata silabi moja. Katika hilo hawajamfikia, na wajue hivyo.

Lakini hapa tuulize swali la haki. Wangemfikiaje, na nani angewafundisha? Hebu tutazame wenzetu wanavyofanya. Jijini London kuna mchezo uitwao The Mousetrap, ulioandikwa na Agatha Christie. Ulianza kuonyeshwa huko tarehe 25 Novemba 1952 na umeendelea miaka na miaka, ukasimama kwa muda mrefu kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, ukarudi Mei 2021. Ni mchezo wa wahusika wanane, na asili yake, jambo linalonifurahisha, ni mchezo wa redio uliorushwa na BBC mwaka 1947. Waigizaji wake wamebadilishwa tena na tena. Yuko mwigizaji mmoja, David Raven, aliyeigiza mhusika mmoja mara 4,575. Yuko mama mmoja, Nancy Seabrooke, aliyekaa miaka 15 akiwa mwigizaji wa akiba, yaani mtu anayejua maneno yote na kungoja siku ambayo mwenye nafasi ataugua. Na ndani ya mchezo kuna taarifa ya habari inayosikika kutoka redioni. Sauti hiyo ni ya Deryck Guyler, iliyorekodiwa mwanzoni kabisa. Yeye alifariki mwaka 1999. Waigizaji wapya wameendelea kuingia, na sauti yake ikawa inawasomea habari.

Sisemi The Mousetrap ni mchezo bora kuliko Kinjeketile. Ni hadithi ya mauaji na polisi, inaburudisha, inakwisha. Nasema pale mgeni anapoingia anamkuta mwenyeji. Yuko mtu wa kumwonyesha alipopasimama mwenzake na kwa nini alipasimama. Akiamua kubadili, anabadili akijua anachokibadili. Yote hayo yanawezekana kwa sababu tikiti zinauzwa kila wiki na watu wanalipwa mishahara.

Kwetu mambo hayako hivyo. Kundi linafanya mazoezi miezi mitatu, linaonyesha siku mbili au tatu, fedha za kiingilio zinakwenda kwenye kodi ya ukumbi na taa, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Kundi la mwalimu wangu lilivunjika hivyo hivyo, bila ugomvi. Mmoja alihamishwa kikazi, mwingine alifiwa, mwingine alichoka kutoa nauli mfukoni mwake. Hakuna mkanda uliobaki. Mwalimu mwenyewe ametangulia mbele ya haki. Namna alivyoinua mikono akitoka mtoni inaishi vichwani mwa sisi tuliokuwapo, na sisi tukiondoka nayo itaondoka. Vijana hawa hawakumkataa. Hawajawahi kumsikia. Walianza na kitabu, kama vile mchezo huu haujapata kuchezwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo anayesema "hawa hawawafikii wale wa zamani" ana deni la kulipa. Kama uliwaona wale wa zamani, nenda kawaeleze hawa ulichokiona. Sio kwa kuwakebehi mlangoni. Kaa nao, waonyeshe. Wewe ndiwe mkanda uliobaki.

Imebaki sehemu ya mwisho, kule kifungoni, na hii ndiyo iliyonifanya nilete mada hii redioni. Kinjeketile anaweza kusema neno moja tu, kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa sababu akilisema, watoto na wajukuu watafundishwa kwamba babu zao walipigana bure, tena kwa ujinga. Mwalimu wa zamani alikataa kwa sauti ya kuangusha kuta. Tulitoka nje tumejaa fahari, tukaimba njiani. Sikuwahi kumwona akiwa ameshindwa.

Kijana aliyachukua maneno yale yale akiwa amechoka. Hakumsemea mlinzi, wala hakutusemea sisi. Alimsemea Kitunda peke yake, mtu mzima aliyeketi karibu naye, ambaye ameshapoteza binti na ameshapoteza vita. Nikaona kitu ambacho fahari ilikuwa imekifunika. Kinjeketile hajui kama maji yalikuwa kweli. Anajua waliokufa ni wengi, na sehemu ya damu hiyo iko mikononi mwake. Anakataa akiwa hana uhakika. Analiacha neno liende kwa watu ambao hatawaona.

Tukumbuke pia kwamba watazamaji nao wamebadilika. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mahali ambapo mashujaa wa Maji Maji walinyongwa na kuzikwa, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Sisi tuliotazama mwaka 1996 hatukuwa na habari hiyo. Kijana wa leo anapomsikia Kinjeketile akisema juu ya wajukuu, anajua kwamba wajukuu wa upande wa pili nao wamekuja kuzungumza. Hussein hakuandika hilo. Limeingia lenyewe mchezoni, kwa mlango wa watazamaji.

Nje ya ukumbi nilimkuta mzee mmoja amekasirika, amesimama na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe si yule wa redioni? Sasa waambie hawa vijana wako. Kinjeketile hakuwa mtu wa kunong'ona."

Msichana mmoja wa sekondari, bado yuko na sare ya shule, akasogea. "Shikamoo, babu. Lakini babu, mtu yuko kifungoni, ameshindwa vita, atapiga kelele ili iweje?"

"Ili mjukuu wake asikie," mzee akajibu.

"Mimi nimemsikia, babu."

Mzee alimtazama muda, kisha akamwuliza anakwenda upande gani, maana usiku umeingia na daladala ni za shida. Wakaondoka pamoja kuelekea kituoni wakiendelea kubishana. Nami nikawafuata nyuma kidogo, nikisikiliza. Mzee alikuwa anamweleza jinsi walivyocheza wao zamani, akiinua fimbo juu kuonyesha.

Ndugu msikilizaji, mchezo ukirudi na sura mpya, nakushauri mambo matatu. La kwanza, usiende kutafuta marehemu. Aliyecheza mwanzo alicheza chaguo lake, na kitabu hakikumalizwa na chaguo hilo. La pili, chagua mahali pawili au patatu unapopakumbuka vizuri, ulinganishe hapo. Ukilinganisha kwa jumla utabaki na kupenda na kutopenda, lakini ukilinganisha kimya na kimya, hatua na hatua, utaona ni swali gani waigizaji wapya wameuliza. La tatu, ukitoka, sema ulichokiona kwa wenyewe wanaohusika, kizuri na kibaya, tena lipa kiingilio. Mchezo usiolipiwa hauwi na mwigizaji wa pili wa kumrithi wa kwanza.

Kama ukiniuliza nani bora kati ya mwalimu na kijana, nitakujibu hivi. Kwa mwalimu nilijifunza kwa nini watu walimfuata Kinjeketile. Kwa kijana nimejifunza Kinjeketile alilipa nini kwa kufuatwa. Nisingependa kukosa mojawapo, na ningetamani binti yule wa sare ya shule apate kuwaona wote wawili.

Kwa leo ni hayo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo, siku kama ya leo na saa kama hii.